Nani ana ufunguo wa geti la dampo?

Mambo huenda kwa mpangilio uleule karibu kila mahali. Mamlaka ya mji inatangaza kwamba imepata eneo la kujenga dampo jipya, au kiwanda cha kuchakata taka, au tanuri la kuziteketeza. Wiki haipiti, wakazi wa eneo hilo wanatoka na mabango, wanafunga barabara, wanafungua kesi. Kisha wasemaji wa mradi wanajitokeza na kauli mbili ambazo tumezizoea hadi hatuzihoji tena: kwamba wananchi hawajapata elimu ya kutosha, na kwamba ni wabinafsi wanaotaka taka zao zizolewe kila wiki ila zisitupwe karibu na kwao. Tangu jalala la Kiteezi, pembezoni mwa Kampala, liporomoke tarehe 10 Agosti 2024 na kuua zaidi ya watu 30, kauli hizo zinaonekana kuwa na uzito zaidi. Watu wanafukiwa na majalala ya zamani, na bado kuna wanaokataa mapya.

Naona kauli zote mbili zinakosea mahali pamoja. Wanaopinga miradi hii, kwa sehemu kubwa, wanaijua vizuri kuliko wanavyodhaniwa. Wanachokikataa ni kuingia katika makubaliano ambayo upande wao hauna njia ya kuyavunja. Lori la kwanza likishapita getini, mkazi hana tena la kufanya isipokuwa kulalamika, na malalamiko yanapokelewa na yuleyule anayelalamikiwa. Kiini cha mgogoro ni nani mwenye uwezo wa kulisimamisha dampo siku litakapoanza kwenda kombo. Mpaka hapo pajibiwe kwa maandishi yenye nguvu ya sheria, semina za uhamasishaji zitaendelea kujaza kumbi na kuacha mgogoro palepale.

Ukubwa wa tatizo hauna ubishi. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya 2018, ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani bilioni 2.01 za taka za mijini mwaka 2016, na kwamba zitafika tani bilioni 3.40 ifikapo 2050. Katika nchi zenye kipato cha chini zaidi ya asilimia 90 ya taka hutupwa ovyo au kuchomwa hadharani. Kwa hiyo madampo yanahitajika, na yatajengwa karibu na mtu fulani. Dampo la kisasa likijengwa sawasawa halifanani kabisa na jalala. Chini yake kunatandikwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na juu ya udongo huo karatasi nzito ya plastiki, ili majimaji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye taka yasifike kwenye maji ya ardhini. Majimaji hayo huvutwa kwa mabomba hadi kwenye bwawa la kuyasafisha. Gesi ya methani inayotokana na taka zinazooza hukusanywa ili isilipuke wala kuwaka moto. Kila jioni taka za siku hiyo hufunikwa kwa udongo, unene wa sentimita 15 hivi, na pembeni kuna visima vya kupimia kama maji ya ardhini yamechafuka.

Ukiyasoma hayo kwenye ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, unaridhika. Lakini hesabu ni mangapi kati ya hayo yanategemea kazi ya kila siku. Karatasi ya plastiki hutandikwa mara moja, na waziri anaweza kuja kupigwa picha siku hiyo. Udongo wa kufunikia unatakiwa kila jioni, kwa miaka 20 au 30, na hakuna sherehe ya kuuzindua. Pampu ya majimaji inahitaji umeme na fundi. Tingatinga linahitaji vipuri. Likiharibika, na fedha za vipuri zikachelewa miezi mitatu, dampo la kisasa limekwisha kugeuka jalala, na wa kwanza kulijua ni mama wa nyumba ya jirani ambaye hawezi tena kuacha sufuria wazi kwa ajili ya inzi. Mhandisi anaposema teknolojia hii ni salama, anazungumzia mchoro. Mkazi anapouliza kama ni salama, anawauliza wale watakaouendesha mchoro huo, mwaka baada ya mwaka, wakati kamera zimeshaondoka. Hayo ni maswali mawili tofauti, na mikutano mingi ya hadhara huvunjika kwa sababu jukwaa linajibu la kwanza huku ukumbi ukiuliza la pili.

Niliwahi kukaa katika mkutano wa namna hiyo. Mtaalamu alikuwa ameeleza kwa picha, kwa uvumilivu na kwa Kiswahili kizuri, tabaka moja baada ya jingine. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa mstari wa nyuma akanyoosha mkono, akasimama, akashukuru, kisha akauliza: "Mwanangu, hayo nimeyaelewa. Ikianza kunuka saa nane za usiku, nimpigie nani, naye akija atafanya nini?" Mtaalamu alifungua kitabu chake, akapekua, akasema suala hilo litashughulikiwa katika hatua ya utekelezaji. Mzee akaketi. Sidhani kama kuna aliyeondoka pale akiwa hajaelewa mradi. Waliondoka wakiwa wameuelewa barabara.

Kutoamini kwao kuna sababu. Mjini Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata madini ya risasi kiliendeshwa ukutani kwa nyumba za watu. Watoto walipatikana na madini ya risasi mwilini, akiwemo mtoto wa Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano ya kukifunga na akapewa tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira mwaka 2015. Kiwanda kilifungwa, lakini kesi ya fidia iliendelea kwa miaka. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliwapa wakazi shilingi bilioni 1.3 za Kenya, ikizihesabu pia taasisi za serikali miongoni mwa waliowajibika. Fidia hiyo ikatenguliwa kwenye rufaa, hadi Mahakama ya Juu ilipoirejesha Desemba 2024. Huko Dandora, Nairobi, utafiti wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira wa 2007 uliwapima watoto 328 waliokuwa wakiishi na kusoma karibu na jalala, na nusu yao walikuwa na risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Mtu aliyeyasikia haya, kisha akaambiwa kwamba mradi mpya utasimamiwa kikamilifu, ana haki ya kuuliza neno hilo "kikamilifu" lina meno gani. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na huwezi kumponya mshtuko huo kwa kumpa kipeperushi.

Kuna hoja inayosema maeneo huchaguliwa kwa vigezo vya kitaalamu tu: aina ya udongo, kina cha maji, umbali na mto. Vigezo hivyo vipo na vina maana. Lakini mwaka 1984 bodi ya usimamizi wa taka ya jimbo la California iliagiza ushauri kutoka kampuni ya Cerrell, na ripoti iliyotoka ilieleza ni jamii za namna gani zinazoelekea kutopinga miradi ya taka: zenye kipato cha chini, zenye elimu ya chini, zenye wazee wengi. Udongo na maji havikuwa hoja ya ripoti hiyo. Mwaka mmoja kabla yake, uchunguzi wa serikali ya shirikisho ya Marekani ulikuwa umegundua kwamba kati ya madampo manne makubwa ya taka za sumu katika eneo la kusini mashariki mwa nchi, matatu yalikuwa katika jamii zenye weusi wengi. Uchunguzi huo ulitokana na sakata la Warren, wilaya ya jimbo la North Carolina, ambako mwaka 1982 jimbo liliamua kuzika udongo wenye kemikali za sumu za PCB. Kanuni ilitaka futi 50 kati ya sakafu ya dampo na maji ya ardhini. Eneo halikutimiza, kanuni ikalegezwa. Wakazi walilala barabarani mbele ya malori na zaidi ya 500 walikamatwa. Dampo likajengwa hivyohivyo. Baada ya miaka kumi na ushei ilibainika kwamba maji mengi yamekusanyika ndani yake, na kazi ya kuusafisha udongo ule ilikamilika mwishoni mwa 2003. Waliokuwa wanaitwa waoga walikuwa wamesoma kanuni ya futi 50 kwa makini kuliko walioilegeza.

Nimeyaweka haya mbele, lakini sitaki kuukwepa upande wa pili, kwa sababu una hoja moja nzito sana. Mwaka 2016 jiji la Addis Ababa lilianza kupeleka taka kwenye dampo jipya la Sendafa, nje ya jiji, ili kulipumzisha jalala la Koshe lililokuwa limejaa kwa miongo kadhaa. Wakulima wa Sendafa walilipinga na malori yakazuiwa. Taka zikarudi Koshe. Tarehe 11 Machi 2017 mlima wa Koshe uliporomoka juu ya nyumba zilizokuwa ubavuni mwake, wakafa zaidi ya watu 110. Hapo ndipo kila anayetetea haki ya kukataa anapaswa kusimama kidogo. Kukataa hakuzifuti taka. Kunaziacha mahali zilipo, na mahali zilipo pana watu, mara nyingi maskini kuliko wale wanaokataa: waokota chupa, wapangaji wa vibanda, watoto wanaocheza kwenye majivu. Mwanaharakati anayeshangilia mradi kusitishwa bila kuuliza lori litageukia wapi ameumaliza mgogoro wa mtaa mmoja na kuuhamishia mwingine.

Ninakubali uzito wa hoja hiyo, na bado nadhani inasomwa vibaya. Sendafa ilianza kupokea taka kabla mpango mzima haujakamilika, na wakulima walikuwa wakilalamikia harufu na uchafuzi wa kitu kilichokwisha kuwepo mbele ya macho yao. Hawakuwa wakikisia. Kama wangekuwa na njia ya kudai marekebisho kabla ya kudai kufungwa, yaani kupunguza idadi ya malori, kusimamisha kwa wiki mbili, au kumtoza mwendeshaji faini inayoonekana, pengine hawangebaki na silaha moja tu ya kufunga barabara. Mtu asiye na breki wala usukani kilichobaki kwake ni kutupa jiwe mbele ya gurudumu. Tukimlaumu kwa jiwe, tuulize pia nani aliyemnyima breki.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote inatoka upande wa wapingaji wenyewe, nayo ni hii: taka zipelekwe mbali, kusiko na watu. Nimeisikia ikisemwa kwa nia njema kabisa. Lakini kusiko na watu, ukienda kupaangalia, mara nyingi ni kwa watu ambao sauti yao haifiki: wafugaji wanaopita kwa msimu, wakulima wasio na hati, kijiji ambacho diwani wake haonekani kwenye televisheni. Sendafa yenyewe ilikuwa "mbali". Umbali pia una gharama inayorudi mjini. Kila kilomita inayoongezwa inakula mafuta ya lori, idadi ya safari inapungua, na kuna dereva atakayeona korongo la njiani, kiza kimeingia, akamwaga mzigo humo na kugeuza. Baada ya mwaka mmoja mji unakuwa na dampo moja rasmi lililo mbali na madampo thelathini yasiyo rasmi yaliyo karibu, tena yasiyo na karatasi ya plastiki wala kisima cha kupimia.

Kwa upande wa mamlaka, hoja dhaifu ni ile ya kusema wakazi walilikuta dampo, wakajenga wenyewe, basi wavumilie. Inaweza kuwa kweli kwa nyumba moja na uongo kwa ya pili, na vyovyote iwavyo, anayetoa vibali vya ujenzi na anayeacha eneo la kinga livamiwe kwa kawaida ni mamlaka ileile. Sitaipa nafasi zaidi ya hapo.

Mfano unaonifundisha zaidi unatoka Tokyo. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya taka za jiji hilo ilikuwa ikiishia kwenye ufukwe wa kata ya Koto. Malori yalipita humo kwa maelfu kila siku, na mwaka 1965 kulizuka inzi kutoka kisiwa cha taka cha Yumenoshima, jina lenye maana ya kisiwa cha ndoto, wakafunika shule na nyumba. Jiji likaamua kwamba kata nyingine zijenge matanuri yao, na kata tajiri ya Suginami ikapangiwa lake katika mtaa wa Takaido. Wakazi wakakataa kwa miaka. Septemba 1971 gavana Ryokichi Minobe akatangaza "vita vya taka". Mwaka 1973 watu wa Koto, wakiwa wamechoka kubeba mzigo wa wengine, walisimama barabarani na kuyarudisha malori yaliyotoka Suginami. Yale malori tu. Taka za kata zilizokubali kubeba sehemu yao ziliendelea kupita.

Huo ulikuwa ufunguo wa geti, na ulikuwa mikononi mwa watu waliokaa karibu na geti. Taka zilipoanza kurundikana Suginami kwenyewe, mjadala ulibadilika. Mwaka 1974 yakafikiwa makubaliano mahakamani, na tanuri la Suginami likakamilika 1982, baada ya viwango vya utoaji moshi kuwekwa katika maandishi na wakazi kupewa nafasi rasmi katika chombo cha kufuatilia uendeshaji. Joto lake linapasha maji ya bwawa la kuogelea la jirani. Siku hizi ndani ya jengo hilo kuna makumbusho ya mgogoro wenyewe, kwa hiyo mtoto wa shule anaweza kwenda kusoma jinsi babu yake alivyokipinga kiwanda anachokitembelea. Wapo wanaoisoma hadithi hii kama ushindi wa serikali iliyoshikilia msimamo. Mimi naona Suginami ilikubali baada ya mambo mawili kutimia. Mzigo uligawanywa kwa namna ambayo kila mmoja aliweza kuiona, na waliobebeshwa walipata mkono wao kwenye usukani.

Tukilichukua hilo kwa uzito, mazungumzo kuhusu dampo lolote jipya yanapaswa kuanzia mahali tofauti. Kabla ya eneo kutajwa, mji uweke wazi ni tani ngapi unazizalisha, zinatoka kata zipi, na kila kata itafanya nini kuzipunguza. Katika nchi zenye kipato kidogo zaidi ya nusu ya taka ni mabaki ya chakula na majani, na hizo taka oza ndizo zinazoleta harufu, inzi, majimaji meusi na gesi. Mtaa wa mbali unaozichambua nyumbani na kuzigeuza mboji unampunguzia mkazi wa jirani ya dampo sehemu kubwa ya adha yake. Hilo linawahusu pia wanaoona tanuri kuwa njia ya mkato. Taka mbichi zilizolowa haziwaki vizuri, na tanuri salama linatakiwa kushikilia joto lisilopungua nyuzi 850 kwa angalau sekunde mbili, kiwango kinachotakiwa na Umoja wa Ulaya, ili dioksini, yaani kemikali za sumu, zisitoke na moshi. Kwa taka zilizojaa maganda na maji, kulifikia joto hilo ni kuchoma mafuta na fedha.

Kisha ije hati. Iandikwe kwa lugha wanayoisoma wanaohusika, kurasa chache, ikitaja kiwango cha juu cha tani kwa siku, mwaka wa kufunga, na mfuko wa kulitunza dampo baada ya kufungwa. Umoja wa Ulaya, tangu agizo lake la 1999, unataka gharama za angalau miaka 30 baada ya kufungwa ziwe zimehesabiwa ndani ya ada ya kutupa taka, na hilo linawezekana popote penye mzani wa malori unaofanya kazi. Wakaguzi wawili au watatu watoke miongoni mwa wakazi, walipwe, wafundishwe, na wawe na ruhusa ya kuingia saa yoyote bila kuomba. Maji ya visima yapimwe na maabara isiyolipwa na mwendeshaji, na majibu yabandikwe getini. Hati ieleze pia kinachotokea viwango vikivunjwa: siku kadhaa bila kufunika taka kwa udongo, malori yanapunguzwa nusu; risasi ikionekana kisimani, geti linafungwa mpaka ijulikane imetoka wapi. Fidia iwepo, lakini iwe malipo ya adha inayoendelea, inayolipwa kila mwaka dampo linapokuwa wazi. Bahasha ya mara moja hununua ukimya wa mwaka mmoja tu.

Najua pingamizi litakalofuata: watu wachache wakipewa uwezo wa kufunga geti wataushika mji mateka, au watanunuliwa na mwanasiasa au mfanyabiashara wa viwanja. Hatari hiyo ni ya kweli. Ndiyo sababu uwezo huo ufungwe kwenye vipimo, usifungwe kwenye hasira za siku, na pande zote mbili ziwe na mahali pa haraka pa kukata rufaa. Lakini tupime hatari hiyo dhidi ya hali ya sasa, ambapo geti hufungwa kwa mawe, matairi yanayowaka na amri za mahakama zinazodumu miaka, na hakuna kipimo chochote kinachosema lini lifunguliwe tena.

Na kuna jambo moja ambalo mamlaka inaweza kulifanya hata kesho, bila sheria mpya wala mkopo. Mji unaotafuta eneo jipya karibu kila mara una la zamani. Ulifunike. Uweke udongo juu, urekebishe mteremko usiporomoke, utengeneze mzani, uwaondoe watu walio ubavuni na kuwapa mahali pa kuishi. Ukifanya hivyo kwa miezi sita, wapakie kwenye basi wale wakazi wenye mabango, uwapeleke wakalione, na uwaache waongee na majirani wa pale bila afisa kusimama karibu.